Maswali ya Wasomaji: Mtaalamu wa Usemi na Mtaalamu wa Tabia Wanapomhudumia Mtu Mmoja

Barua za safari hii zinahusu watu ambao hawawezi kutegemea mdomo peke yake kusema wanachotaka kusema, na ambao kwa hiyo hutumia mawasiliano mbadala: picha, ubao wa alama, ishara za mikono, au kishikwambi chenye programu inayotamka maneno. Karibu waandishi wote wanalalamikia jambo moja, nalo ni kwamba wataalamu wanaomhudumia mtu huyo huyo hawasemezani. Barua tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

SWALI: Mwanangu ana miaka sita, ana usonji, na haongei. Anatumia kishikwambi chenye picha ambazo akizigusa zinatamka neno. Mtaalamu wa tiba ya usemi ananiambia nimwache aizoee programu kwa uhuru, na mimi mwenyewe niwe nagusa picha ninapozungumza naye, bila kumdai jibu. Mtaalamu wa tabia anayekuja nyumbani amebakiza picha sita tu, nyingine ameziondoa, na hampi mtoto kitu mpaka aguse "nataka" kisha jina la kitu hicho. Wote ni watu wema na wote wamesomea kazi yao, lakini hawajawahi kukutana. Siku hizi mtoto ameanza kukitupa kishikwambi. Nimfuate nani?

*Mama mwenye mashaka*

JIBU: Mama, nakusihi usichague upande, kwa sababu kila mmoja wao ameshika sehemu ya ukweli na mtoto wako anazihitaji sehemu zote mbili. Kabla ya kuwazungumzia wao, hata hivyo, tumtazame yeye. Anakutana na chombo ambacho leo kina kurasa nyingi na kesho kina picha sita; ambacho kwa mtu mmoja akigusa "maji" anapewa maji, na kwa mwingine akigusa "maji" anaambiwa arudie vizuri. Mtu aliyezoea kuandika kwa kompyuta haangalii herufi, vidole vyake vinajua kila moja ilipo, na mtoto anayetumia picha hujifunza hivyo hivyo, yaani mkono wake hukumbuka mahali neno lilipo. Ukilihamisha neno, au ukilifuta na kuzisogeza zilizobaki, umemfutia alichokwisha kujifunza. Siwezi kusema kwa hakika, nikiwa mbali, kwa nini anakitupa kishikwambi, lakini hapo ndipo ningeanza kutafuta.

Sasa wataalamu. Mtaalamu wa usemi amesomea lugha inavyokua: maneno gani yatangulie, alama gani mtoto ataielewa, zipangwe vipi ili zikue pamoja naye bila kuvurugika, na jinsi mtu anavyotoka kwenye neno moja hadi kuunganisha matatu. Anapokwambia uguse picha huku unaongea, anataka mtoto aione lugha yake ikitumiwa na watu wengine, kama watoto wengine wanavyoisikia lugha kwa miezi mingi kabla hawajatamka neno la kwanza. Mtaalamu wa tabia amesomea jambo jingine: nini hutokea kabla ya mtoto kufanya kitendo, nini hufuata baada yake, na jinsi ya kuugawa ujuzi mkubwa katika hatua ndogo, kutoa msaada, kisha kuupunguza kwa mpangilio huku akiandika kila kinachotokea. Ujuzi huo ni wa thamani kubwa mno kwa mtoto anayejifunza kuwasiliana, maana mawasiliano hushika mizizi pale mtoto anapoona kwamba neno lake limeleta jambo.

Taaluma hizi zimewahi kufanya kazi pamoja kwa mafanikio. Mwaka 1985 huko Delaware, Marekani, Andy Bondy, mwanasaikolojia wa tabia, na Lori Frost, mtaalamu wa usemi, walianzisha mfumo wa mawasiliano kwa kubadilishana picha unaojulikana kwa kifupi kama PECS, ambao leo unatumika katika nchi nyingi. Hatua yake ya kwanza inahitaji watu wazima wawili. Mmoja hukaa mbele ya mtoto akiwa na kitu anachokipenda, haulizi wala haamrishi. Mwingine hukaa nyuma, kimya, na mtoto anapokinyoshea kitu mkono, yeye humsaidia kuichukua picha na kuitia katika kiganja cha yule wa mbele. Kwa njia hiyo mtoto hujifunza kumwendea mtu kwa hiari yake badala ya kungoja kuulizwa. Ndani ya hatua hiyo moja umo uelewa wa lugha kama jambo la watu wawili, na umo pia ufundi wa kupanga msaada na kuuondoa.

Ninachokuomba ufanye ni kuwaita wote wawili wakae meza moja, kishikwambi kikiwapo, na wasiondoke mpaka waandike ukurasa mmoja. Ukurasa huo ueleze maneno yaliyopo na mahali yalipo, nani peke yake ana ruhusa ya kuyabadilisha, mtu mzima afanye nini mtoto anapogusa neno, atoe msaada gani na baada ya kungoja kwa muda gani, na yepi yataandikwa kila siku. Nakala moja ikae kwako, nyingine iende shuleni. Kama hawawezi kukutana ana kwa ana, wazungumze kwa simu ukiwasikiliza, lakini usikubali kuwa wewe ndiye mjumbe wa kupeleka maneno ya huyu kwa yule, kwa kuwa lawama zote zitakuangukia wewe.

Kuhusu picha sita, msimamo wangu ni kwamba mtoto aliyekuwa na kurasa nyingi asirudishwe kwenye sita. Kama kwa zoezi fulani fupi inaonekana macho yake yanazidiwa, programu nyingi zinaruhusu kuficha baadhi ya picha huku zinazobaki zikikaa mahali pake pa kawaida, na zoezi likiisha zote zirudi. Kuhusu "nataka", mtaalamu wa tabia hajakosea kuanza na kuomba, kwa kuwa kuomba huleta tunda la haraka. Tatizo ni kubaki hapo. Mtafiti Janice Light, katika maandishi yake ya mwaka 1988, alitaja sababu nne zinazowafanya watu wawasiliane: kueleza mahitaji, kupashana habari, kuwa karibu na wenzao, na kutimiza adabu za kijamii. Hebu keti jioni moja uandike yote aliyoyasema mwanao siku hiyo. Ukikuta yote ni maombi ya chakula na vitu vya kuchezea, waonyeshe wote wawili karatasi hiyo. Mtoto wa miaka sita ana haki ya kusema "tazama", "inachekesha", "simpendi huyo", na "njoo ukae".

Wewe nawe usidhani kwamba kuonyesha tu, bila kumpa mtoto nafasi, kunatosha. Mnaposoma kitabu cha picha, gusa "fungua" kisha ufungue ukurasa. Fanya hivyo kwa kurasa kadhaa. Halafu ukurasa unaofuata weka kiganja chako juu yake, mtazame mtoto usoni, na ungoje. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Usiseme "sema fungua", usimsogezee kishikwambi puani. Akigusa, fungua mara moja kwa furaha. Asipogusa, gusa wewe na muendelee na hadithi. Kuonyesha huko ni kwa mtaalamu wa usemi, na kungoja huko kwa mpango ni kwa mtaalamu wa tabia, lakini kwa mtoto ni mchezo mmoja wa kusoma na mama yake.

SWALI: Mimi ni mtaalamu wa tabia. Mtoto ninayemhudumia, mwenye miaka kumi na mmoja, amejifunza kugusa "acha", na sasa anaigusa kila tunapoanza kazi. Nilimwomba mwenzangu wa tiba ya usemi aiondoe picha hiyo kwa muda, akakataa kwa hasira. Je, nilivuka mipaka ya taaluma yangu? Na nifanye nini, kwa sababu kazi haiendi?

JIBU: Nakushukuru kwa kuuliza hadharani. Neno hilo libaki. Wewe unalijua vizuri zaidi yangu jambo lililochapishwa na Edward Carr na Mark Durand mwaka huo huo wa 1985: walionyesha kwamba tabia ngumu za watoto mara nyingi hufanya kazi ya kuomba, ama kuomba kusaidiwa au kuepushwa na kazi ngumu, ama kuomba kuangaliwa, na kwamba mtoto akifundishwa njia nyingine ya kuomba jambo lile lile, tabia hizo hupungua. Jiulize, kabla ya kuwa na "acha", mtoto huyu alikuwa akisema "acha" kwa njia gani? Kama alikuwa akijiuma mkono au kupindua meza, basi picha hiyo ni mafanikio ya kazi yako mwenyewe, na ukiiondoa, haja yake itabaki pale pale na itarudi kwenye meno.

Kuna pia suala la haki. Mkataba wa Haki za Mawasiliano, uliotolewa mwaka 1992 na kamati ya pamoja ya Marekani inayoshughulikia mahitaji ya mawasiliano ya watu wenye ulemavu mkubwa na kufanyiwa marekebisho mwaka 2016, unataja haki 15, na mojawapo ni haki ya kukataa. Watu wazima wengi waliolelewa katika tiba wameeleza kwa uchungu jinsi walivyozoeshwa kutii hata pale walipokuwa wanaumia. Nadhani hasira ya mwenzako ilitoka huko, hata kama hakuieleza vizuri.

Lakini swali lako la pili ni halali, kwa sababu mtoto hawezi kuishi kwa kuacha kila kitu, na wapo wataalamu wa usemi wanaolipita swali hili haraka mno. Neno "acha" moja pengine limebebeshwa ujumbe wa namna tano: nimechoka, kazi hii siielewi, inaniuma mahali, nataka kitu kingine, au nataka twende polepole. Kuchunguza ni upi kati ya hiyo unaosemwa, na wakati gani, ndiyo kazi uliyosomea. Andika kwa siku kadhaa kazi ilikuwa ipi, ilikuwa imedumu muda gani, "acha" iliguswa dakika ya ngapi, na nini kilimtuliza. Mpelekee mwenzako matokeo hayo, na umwombe, badala ya kuondoa neno, aongeze mengine: "pumzika", "nisaidie", "sielewi", "inauma", "nyingine". Kisha kubalianeni jinsi ya kuyafundisha.

Mwanzoni iheshimu "acha" kila inapoguswa, papo hapo, hata ikikuvunjia kipindi. Mtoto lazima aamini kwamba neno lake lina nguvu. Imani hiyo ikisimama, unaweza kuanza kuongeza subira kidogo kidogo: "Nimekusikia. Moja zaidi, halafu tunaacha," huku ukimwonyesha kwenye ubao hiyo moja na kuacha kunakofuata, na uitimize ahadi bila kuongeza la pili. Ukiona idadi ya "acha" inapanda tena, usimlaumu mtoto. Rudi uitazame kazi yenyewe, au mpelekeni kwa daktari mkishuku maumivu ya meno, masikio au tumbo.

Kuhusu mipaka, kuuliza si kuvuka. Uamuzi wa maneno, alama, na namna ya kuyafikia, kwa kidole au kwa macho, unahitaji elimu ya mtaalamu wa usemi. Mpango wa tabia zinazohatarisha usalama unahitaji elimu yako. Sehemu kubwa iliyo katikati ni ya wote. Kanuni za maadili za bodi ya Marekani inayosajili wachambuzi wa tabia, zilizoanza kutumika Januari 2022, zinawataka wafanye kazi ndani ya umahiri wao na washirikiane na wataalamu wengine kwa manufaa ya mteja, na wataalamu wa usemi nao wana wajibu wa namna hiyo katika kanuni zao.

SWALI: Wataalamu wote wawili wanataka binti yetu apewe kifaa cha kuzungumzia. Mimi kama baba naogopa kwamba akishazoea kubonyeza, hatajaribu tena kuongea. Je, hofu yangu ni ya bure?

JIBU: Hofu yako inaeleweka, ila ushahidi hauiungi mkono. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa mawasiliano mbadala. Katika watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara zaidi, asilimia 89 waliongeza usemi wa mdomo, asilimia 11 walibaki walivyokuwa, na hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Ongezeko lenyewe kwa wengi lilikuwa la wastani, kwa hiyo nisikuahidi miujiza. Waombe wataalamu wako wakubaliane jambo moja tu: binti akitamka neno, hata nusu yake, lipokewe kama lilivyo na asilazimishwe kulirudia kwa kifaa, na akibonyeza, asiambiwe "sema kwa mdomo" ndipo apewe.

SWALI: Mimi ni msaidizi darasani. Mtaalamu mmoja ananiambia nimshike mwanafunzi mkono na kumwelekeza kwenye picha, mwingine ananikataza kabisa kumgusa. Kila mmoja akija ninabadilisha. Lipi ni sahihi?

JIBU: Kwanza pole, kwa maana wewe ndiye uliye na mwanafunzi huyo siku nzima, na pengine hakuna aliyekuuliza maoni yako.

Kumshika mkono kunaweza kuwa njia ya kufundisha mwendo wa kugusa, kama mtoto ameshaonyesha wazi anachotaka, kwa mfano amenyoosha mkono kuelekea mpira. Hata hapo msaada unapaswa kuwa na mpango wa kuisha: leo kwenye kiganja, halafu kwenye kifundo, halafu kwenye kiwiko, halafu hakuna. Msaada usio na mpango wa kuisha huzaa mtoto anayekaa akingoja ashikwe, na wataalamu wa tabia wenyewe ndio wanaoonya zaidi kuhusu utegemezi huo. Mimi ningeanza na kuonyesha, kisha kungoja, kisha kuashiria kwa kidole, na kumgusa mtoto kungekuwa jambo la mwisho kabisa. Akivuta mkono wake, mwachie mara hiyo hiyo. Mtoto asiyeweza kusema kwa mdomo anapaswa kujua kwamba mwili wake ni wake.

Jambo moja halina mjadala. Usimshike mkono akijibu swali ambalo jibu lake hulijui, kama vile "unajisikiaje?" au "nani amekuumiza?" Iliwahi kuenea njia ya kumshika mtu mkono ili "aandike" mawazo yake, na ilipojaribiwa kwa makini, hasa katika miaka ya 1990, ilionekana kwamba maneno yalikuwa yakitoka kwa aliyeshika, ingawa yeye mwenyewe hakujua. Chama cha wataalamu wa usemi na usikivu cha Marekani, ASHA, kilitoa tamko mwaka 2018 la kuikataa njia hiyo.

Waombe wataalamu wako wakupe karatasi moja ya kuandikia, yenye safu tatu: aligusa peke yake, aligusa baada ya kuonyeshwa au kuashiriwa, aligusa akiwa ameshikwa. Mkichanganya safu hizo, mtadhani mtoto anajua maneno hamsini kumbe mnayajua ninyi.

SWALI: Nina miaka 24. Misuli ya mdomo wangu hainitii tangu kuzaliwa, na ninazungumza kwa kifaa. Ninaelewa kila kitu. Timu yangu ya wataalamu sasa inakutana vizuri kila mwezi, lakini wanakutana bila mimi, na nimegundua kwamba wanasoma kumbukumbu ya maneno yote niliyoyaandika kwenye kifaa. Nina haki ya kukataa?

JIBU: Unayo, na ninasikitika kwamba umelazimika kuuliza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 2, unatambua njia mbadala kuwa mawasiliano kamili, na kifungu cha 21 kinalinda uhuru wako wa kutoa maoni kwa njia uliyoichagua. Kifungu cha 22 kinalinda faragha, ikiwemo ya mawasiliano. Programu nyingi huhifadhi kila neno lililoguswa, na wataalamu wote wawili hupenda kumbukumbu hiyo kwa sababu inawapa takwimu bila jasho. Lakini ndani yake yamo uliyomwambia rafiki, uliyoyafuta kabla ya kuyatamka, na uliyoyaandika usiku peke yako. Anayezungumza kwa mdomo hafuatwi na mtu anayeandika maneno yake yote, na wewe usifuatwe.

Waandikie kwamba kumbukumbu izimwe, na iwashwe tu kwa saa mlizokubaliana, kwa lengo lililoandikwa, na kwamba wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuisoma. Kama kifaa kinaruhusu, weka nywila mwenyewe.

Kuhusu mkutano, uwe ndani tangu dakika ya kwanza. Dai ajenda siku kadhaa kabla, ili uandae na kuhifadhi kwenye kifaa maoni yako marefu. Mwombe mtaalamu wa usemi akuongezee maneno ambayo mkutano unayahitaji na huenda huna: "sikubaliani", "nimalizie kwanza", "hilo ni la faragha", "nataka tubadilishe mpango". Mwombe mtaalamu wa tabia akueleze, kwa maneno ya kawaida, kila lengo lililoandikwa kwa jina lako na kwa nini liko pale, na ulifute usilolitaka. Kisha waambie wote wawili, kabla ya jambo la kwanza kujadiliwa, kwamba unapoandika wanyamaze na wangoje hadi umalize, na kwamba hakuna atakayekumalizia sentensi ila yule utakayempa ruhusa.